Ufunguo wa Choo cha Walimu

"Mkono juu, Dhahabu, juu! Wamkaribisha mgeni ama wajikuna kwapa?"

Gredi ya nane wakaangua kicheko. Dhahabu, msichana mrefu aliyekuwa kiongozi wa ngonjera, akaunyosha mkono upya huku ule mwingine umebana pua. Hakuwa akifanya mzaha. Mwalimu Mwanatatu alikuwa amewapanga nyuma ya vyoo vya wanafunzi kwa sababu asubuhi ile kivuli kilikuwa hapo tu, na kivuli cha hapo kilikuwa na adhabu yake. Vyoo vile vya shimo vilijaa tangu muhula wa pili. Mvua ikinyesha vyapanda, jua likiwaka vyanuka, na nzi wake walikuwa wanene, wa kijani, hata ukiwafukuza hawana habari na wewe.

"Sikilizeni," Mwanatatu akasema. "Hamfungui kinywa mpaka mkono wangu upande. Aseme nani, apige makofi nani, nyinyi mwautazama mkono wangu peke yake. Tumesikizana?"

"Ndiyo, mwalimu!"

Akaupandisha mkono, nao wakaanza kwa sauti moja:

*Karibu Mheshimiwa, mgeni wetu tukufu,*
*Shule yetu yaelewa, wema wako maarufu,*
*Madarasa twapatiwa, na walimu watiifu,*
*Asante Mheshimiwa, mlezi wa waalimu.*

Ule mstari wa tatu haukuwa hivyo alipoutunga. Yeye alikuwa ameandika: *Vyoo vyetu vimejawa, vyatutesa kwa harufu.* Watoto waliupenda ajabu. Walipofika pale walipaza sauti mpaka wauza mahamri wa nje ya lango wakacheka. Ndipo Bi. Jalila, mwalimu mkuu, akatoka ofisini na viatu vyake vya kisigino, mkono mmoja umeshika mtandio.

"Mwanatatu, wataka kuniua? Mgeni aja kula hapa, nawe wamtilia choo sahanini?"

Neno "watiifu" alilichagua Bi. Jalila mwenyewe. Na hayo madarasa, Mungu shahidi, Mheshimiwa, mbunge wao, hakujenga hata ukuta wa paka kupanda. Mwanatatu aliubadilisha mstari pale pale, amesimama, bila kubishana, na tangu siku hiyo kila akiusikia alihisi kitu kikimpanda kooni. Alijiambia ni mimba.

Maana alikuwa mjamzito, wa miezi sita, na habari hiyo pale shuleni aliijua yeye peke yake. Buibui lake lilikuwa pana na Mungu alikuwa amemsitiri kwa tumbo dogo. Alikuwa mwalimu mwanagenzi wa sekondari msingi, afundishaye sayansi, hisabati, kilimo, na chochote ambacho walioajiriwa hawakukitaka. Mwaka wa kwanza waliambiwa wavumilie, ni mazoezi tu. Wa pili wakaambiwa serikali yatafuta fedha. Huu ulikuwa wa tatu, na mkataba wake ungeisha Disemba. Mtoto angekuja Januari. Angekuja ulimwenguni mama hana kazi, na babake, Rashad, alikuwa kibarua wa ghala huko Changamwe, leo achukuliwa, kesho arudishwa langoni.

Kwa hivyo kilichokuwa kikitazamiwa siku ile hakikuwa ngonjera. Mheshimiwa alikuwa anakuja Mtopanga na nafasi moja ya kudumu kwa shule yao. Nafasi za walimu zilikuwa zikigawiwa hivyo siku hizi, kwenye mahema, kwa kipaza sauti, kama unga wa msaada. Watu walinung'unika, magazeti yakaandika, na zikaendelea kugawiwa. Bi. Jalila alikuwa amemwita pembeni: "Jina lako nishalipeleka kwa mkono wangu. Wewe niandalie watoto tu, usiniangushe."

Naye hakuwa amemwangusha. Alikuwa amewafundisha watoto kumsifu mtu asiyemjua, kwa mashairi yenye vina sawasawa. Hapo ndipo alipojichukia, maana vina vilimjia bila taabu.

Alipowaachilia watoto, haja ilikuwa imemshika kwelikweli. Siku hizo ilimshika kila mara, mtoto amekaa pale pale. Akavuka uwanja kuelekea ofisini.

Njiani akakuta msururu wa watoto wa gredi za chini, kila mmoja na chupa yake ya soda iliyojazwa maji. Maji ya mfereji yalikuwa hayajafika shuleni tangu wiki iliyopita, kama ilivyo desturi, na kila mtoto hutakiwa kuja na chupa kutoka kwao ya kunawia na kusukumia uchafu. Leo chupa zote zilikuwa zikimiminwa kwenye pipa moja jipya la buluu, na pipa lilikuwa mlangoni pa choo cha walimu. Mlango wenyewe ulikuwa umepakwa rangi. Moshi ulitoka ndani. Mwanatatu akanusa mara mbili asiamini pua yake: udi! Bi. Jalila alikuwa ametia chetezo chooni.

Bi. Jalila alikuwa kwenye meza yake akikagua sambusa. Ufunguo wa choo ulikuwa mbele yake, umefungwa kwa kamba kwenye kifutio kikuukuu cha ubao ili usipotee. Shule nzima ilikifahamu kifutio kile. Ukimwona mwalimu anatembea nacho, wajua aendako, na wajua pia kwamba ameajiriwa. Maana hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya pale: choo cha walimu ni cha walimu wa kudumu. Wanagenzi hawakuhesabiwa kuwa walimu lilipofika suala la choo. Walihesabiwa ilipofika zamu ya Jumamosi.

"Shikamoo, Bi. Mkubwa."

"Marahaba. Watoto wako tayari?"

"Wako tayari. Naomba ufunguo mara moja tu."

Bi. Jalila akalamba kidole. "Kimeshasafishwa kwa ajili ya mgeni. Vyoo vya wanafunzi viko kule nyuma."

"Kule hakuingiliki, Bi. Mkubwa. Minyoo imepanda mpaka mlangoni."

"Watoto mbona waingia?"

Watoto waliingia kweli, kwa sababu hapakuwa na wa kuwauliza. Bi. Jalila akamtazama juu mpaka chini, polepole, kama mtu apimaye kitambaa dukani.

"Na wewe siku hizi mbona choo hakikuishi? Usiniambie una mimba, Mwanatatu. Mwataka kazi mkishapata mwajaza matumbo, mwaniachia mimi madarasa. Mwaka jana Winfred alinifanyia hivyo hivyo. Umeona alikoishia."

Winfred alikuwa mwanagenzi mwenzao. Tumbo lilipoonekana, Bi. Jalila alitoa ripoti kwamba hapatikani darasani, na mkataba haukurudi. Sasa aliuza nguo za mtumba Kongowea, na diploma yake ikiwa kwenye begi la nailoni chini ya kitanda.

"Ah, mimi? Sina mimba," Mwanatatu akasema. "Ni baridi tu imenipata ya kibofu."

Alicheka na kucheka. Akatoka akiwa bado anacheka, na mtoto akampiga teke moja la ubavu, bila shaka kwa bahati tu, lakini mama mtu alilisikia hadi moyoni. Alikuwa amemkana mwanawe kabla hajazaliwa, na amemkana kwa ajili ya kazi ambayo hakuwa nayo.

Alienda kule nyuma. Hakuna haja ya kusimulia alichokiona. Alilikunja buibui mpaka kiunoni, akaweka vidole vya miguu juu ya mawe mawili ambayo watoto walitupa ili wapate pa kukanyaga, na haja yenyewe ikakataa kutoka. Alichotoa pale ni chai ya asubuhi, yote, ukutani.

Dancun alimkuta anajipangusa mdomo kwa kitambaa. Dancun naye alikuwa mwanagenzi, kijana wa Migori aliyefundisha masomo ya jamii na kuongoza kandanda, na Kiswahili chake kilipitia Nairobi kabla ya kufika Pwani.

"Madam, uko poa? Wamekunyima kifunguo tena?"

"Wacha, Dancun."

"Siwachi. Hii ni ufala, na wewe unajua. Mimi nakuambia kila siku tugome, tukae nyumbani wiki mbili tu, sekondari msingi nzima ya Kisauni ifungwe. Nani atafundisha? Madam Jalila?"

"Mwaka jana wenzetu waligoma. Walirudi wakakuta wenye diploma wengine wapo langoni, wataka nafasi zao kwa malipo ya chini zaidi."

"Si ndio hiyo sasa! Wanatutishia na sisi wenyewe." Akatema mate kando. "Na wewe umekubali kumtungia mtu mashairi. Sikulaumu. Lakini hiyo kazi ukikosa?"

"Nishaambiwa jina limeenda."

"Na mimi niliambiwa hivyo Machi."

Mwanatatu akamkasirikia. Alimkasirikia kwa sababu alikuwa amesema kitu ambacho yeye mwenyewe alikifikiria alfajiri, akiwa anakoroga uji, na hakutaka kukisikia kwa sauti ya mtu mwingine.

Mheshimiwa alitarajiwa saa nne. Alifika saa saba. Muda wote huo watoto walikuwa wamepangwa juani, na wawili walikuwa wamekwishaanguka na kupelekwa kivulini kupepewa na madaftari. Chini ya hema, kina mama wa kikundi chake walikuwa wamevaa leso za namna moja zenye picha yake, uso wake umekalia makalio yao, wakiinuka na kukaa naye. Mwenyekiti wao alikuwa mwanamke wa kelele nyingi na bangili nyingi, na pembeni yake aliketi bintiye, Rahima.

Mwanatatu alimfahamu Rahima. Alikuja hapo mwaka jana kufanya mazoezi ya kufundisha, na Mwanatatu ndiye aliyekaa naye jioni kumwonyesha jinsi ya kuandaa somo, jinsi ya kulishika darasa la watoto sabini bila kiboko. Msichana mwenye adabu, mwoga kidogo. Akaenda kumsalimu.

"Rahima! Umekuja kutuzuru?"

Rahima akasimama, akambusu mkono, kisha hakuuachilia upesi. "Mwalimu wangu... mama ndiye aliyenambia nije."

"Umefanya vyema. Utaona watoto wako wa mwaka jana, wamekua."

Rahima alifungua kinywa, mamake akamvuta buibui, akaketi. Mwanatatu akaenda zake. Alidhani ni haya tu.

Gari zikaingia, vumbi likapanda, kina mama wakapiga vigelegele. Mheshimiwa alikuwa mtu wa shingo fupi na tabasamu refu. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye meza kuu na kabla ya dua alikuwa amekwishatia sambusa mdomoni. Akala viazi karai, akala kuku, akanywa dafu, akala tena sambusa. Mafuta yalimshuka kidevuni na msaidizi wake akampa karatasi. Watoto walimtazama akitafuna, safu kwa safu, wote wakimeza mate pamoja naye. Mwanatatu alisimama mbele yao akibana miguu. Haja ilikuwa imerudi, sasa na maumivu, na choo kilichofukizwa udi kilikuwa hatua chache tu nyuma ya meza kuu, ufunguo mlangoni, kifutio kinaning'inia.

Ngonjera ikaitwa. Mkono ukapanda, watoto wakaanza, na mashallah, waliifanya! Dhahabu alipaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kwenye "walimu watiifu" Bi. Jalila akatikisa kichwa kwa raha. Mheshimiwa alikuwa anaongea na simu, ameiziba kwa kiganja, na walipomaliza alipiga makofi akiwa bado anaongea.

Kisha akasimama kuhutubia. Jamani, mtu yule alikuwa na maneno! Akasema ualimu ni wito. Akasema yeye mwenyewe alilelewa na mwalimu aliyetembea peku. Akasema walimu wa siku hizi wanalilia mishahara sana, wanasahau baraka. Akasema mwalimu wa kweli hulipwa mbinguni.

"Na nyie mbona hamngoji huko?" Dancun akanong'ona nyuma ya sikio la Mwanatatu. Hakucheka.

"Lakini," Mheshimiwa akaendelea, "mimi sikuja mikono mitupu. Nimewaletea nafasi ya kudumu! Nimepambana kule juu, nimewagongea meza!"

Vigelegele. Mwanatatu akajishika tumbo waziwazi, bila kukumbuka kujificha. Bismillahi, akasema kimoyomoyo. Mwanangu, shikilia.

"Nafasi hii namkabidhi kijana wetu, mtoto wa hapa hapa, mwalimu shupavu... Rahima! Yuko wapi Rahima?"

Kina mama wakaruka. Mwenyekiti akamsukuma bintiye kwa viwiko mpaka mbele. Msichana aliyemaliza chuo Disemba iliyopita akapokea bahasha kwa mikono miwili huku machozi yakimtoka, na kila mtu akasema ni machozi ya furaha. Alipogeuka kupigwa picha, macho yake yakamtafuta Mwanatatu kwenye safu za watoto, yakampata, yakaanguka chini.

Mwanatatu akamtazama Bi. Jalila. Bi. Jalila alikuwa anapiga makofi. Hakushtuka hata kidogo, na hapo ndipo Mwanatatu alipoelewa. Hakuna jina lililopelekwa. Ilitakiwa ngonjera, na ngonjera yahitaji mtu wa kuifundisha, na mtu huyo lazima aahidiwe kitu.

Hasira haikuja. Kilichomjia ni kinyaa, kinyaa cha vitu vyote kwa pamoja: mafuta kidevuni, zile nyuso kwenye leso, udi chooni, na shairi lake mwenyewe, vina vyake vizuri. Angeweza kutapika tena, ila tumboni hamkuwa na kitu isipokuwa mtoto.

Bi. Jalila akashika kipaza sauti. "Kabla hatujampa Mheshimiwa ruhusa, gredi ya nane watatupa tena ule ubeti wa shukrani. Mwalimu Mwanatatu, tafadhali."

Watoto wakasimama wima. Macho yote yakamwendea mkononi.

Mwanatatu akatoka kwenye nafasi yake. Akapita mbele yao, mikono imeshuka ubavuni. Dhahabu alimfuata kwa macho, midomo imejiandaa. Akapita mbele ya kina mama. Akazunguka meza kuu, karibu sana hata buibui lake likakokota kitambaa cha meza na sahani ya mifupa ikayumba. "Mwalimu?" Bi. Jalila akasema kwenye kipaza sauti, na jina hilo likasikika mpaka barabarani. Mwanatatu akafika kwenye mlango uliopakwa rangi, akachomoa ufunguo pamoja na kifutio chake, akaingia, akafunga kwa ndani, akatia komeo.

Loo, palikuwa pazuri mle. Sabuni ya waridi haijaloa. Taulo jipya. Pipa limejaa pomoni, maji ya chupa za watoto. Akaketi, na mwili wake wote ukaachia. Alilia kidogo pia, kwa raha ya haja tu mwanzoni, kisha kwa mengine.

Nje, sauti ya Bi. Jalila ilikuwa ikihangaika. "Haya, watoto, anzeni. Anzeni basi! Moja, mbili... *Karibu Mheshimiwa*..." Alighani peke yake kwenye kipaza sauti, sauti nyembamba, akakosa mizani. Hakuna mtoto aliyeitikia. Walikuwa wamefundishwa: aseme nani, mkono wa mwalimu peke yake. Mtu fulani huko nyuma, yamkini Dancun, akaanza kucheka.

Akanawa mikono kwa ile sabuni, polepole, vidole vyote. Akajua alichokifanya. Mkataba ndio umeshakwenda, na Disemba haikuwa tena na maana. Nyumbani atamwambia Rashad, na Rashad ataamka mapema zaidi kwenda langoni. Na Jumatatu mtu mwingine atapewa gredi ya nane, mwanagenzi mwingine, atakayeonyeshwa vyoo vya nyuma. Aliyajua yote hayo, na hakutaka kutoka.

Mlango ukagongwa. "Kuna mtu?" Ilikuwa sauti ya msaidizi, ya haraka.

"Kuna mwalimu."

"Fanya upesi, mama. Mheshimiwa amebanwa vibaya, hawezi kungoja."

Mwanatatu akakitazama kile kifutio mkononi mwake, chaki ya miaka imekauka kwenye nyuzi zake.

"Mwambie vyoo vya wanafunzi viko kule nyuma," akasema.

Kisha akachota kata ya maji ya watoto, akanawa uso.